Busu Lililokwama Ukweni

Hii kitu nimeificha miaka mingi, na ningeendelea kuificha kama si bibi yangu kuisimulia juzi kwa harusi ya binamu yake, mbele ya meza nzima, tena akaisimulia vibaya, akaruka sehemu zinazonitetea (ziko mbili tu, lakini ziko) na akaongeza chumvi kwa zile zinazonimaliza. Kwa hivyo afadhali niiseme mwenyewe. Mcheke, sikatai, lakini mcheke mkijua kwamba yule mtu aliyekuwa amekalia tangi la maji mchana kweupe, amevaa suti na tai, ameinua simu juu kama anayeapa mahakamani, alikuwa ni mimi.

Wakati huo nilikuwa na saiba ndogo pale Makindu, kompyuta sita, mbili zikiwa za kujaza nafasi kwa sababu zilikuwa zimekufa na sikutaka watu wajue. Kazi yangu ilikuwa kuchapia watu barua za kuomba kazi, kuprinti, na kuwawekea vijana filamu kwa flashi. Zilikuwa zile siku za mwanzo mwanzo za kuangalia sinema na vipindi moja kwa moja kwa intaneti, kabla waifai haijaingia kila nyumba, wakati ambapo ukitaka kuona kitu cha dakika arobaini unakiwasha, unaenda kuchemsha chai, unainywa, unasuuza kikombe, unarudi na unakuta kale kaduara katikati ya skrini bado kanazunguka. Lakini kwangu ilikuwa ni ajabu ya dunia. Kwamba kipindi kinatoka huko kilikotengenezwa, kinapita hewani, kinaingia kwa laptopu yangu Makindu bila sidi bila nini, mimi nilikuwa najisikia kama ndiye nimekivuta kwa mkono. (Ugonjwa wangu ulianzia hapo.)

Mumbua, ambaye leo ni bibi yangu, alikuwa anauza kwa duka la dawa mkabala na saiba. Kwao ni Kitui, nje kidogo ya Kabati. Tulikuwa tumekubaliana, wazee wangu walikuwa wameenda kubisha mlango, na kilichobaki kilikuwa mazungumzo yenyewe ya mahari mwezi uliofuata. Katikati hapo ndipo nikaalikwa niende peke yangu nile chakula, nitazamwe kidogo.

Sasa baba yake, Mzee Nzioka, alikuwa karani wa ofisi ya kilimo kabla ya kustaafu, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache ambaye akikusikiliza unaanza kujirekebisha sarufi. Na mama yake, Mama Mumbua, alikuwa anafuata nthoni kabisa, ile heshima yetu Wakamba ya mama mkwe na mume wa binti yake, ambapo hatakuangalia usoni wala kukutania. Alikuwa ananisalimia akiangalia mlango. Akitaka kuniambia kitu anamtuma Mumbua, hata kama nimekaa hapo hapo kwa kochi: “Muulize kama ameongezwa supu.” Na mimi namjibu Mumbua, “Mwambie nimeshiba, asante.”

Siku hiyo ya kwanza tukiwa tunakula, mazungumzo yakaenda kwa televisheni yao, ambayo ilikuwa imekaa kimya pale kwa kabati tangu yale mambo ya kuhamia dijitali. Mzee alikuwa amekataa kununua kile kisanduku cha kunasia dijitali. “Televisheni nilinunua mara moja,” akasema, “siinunui mara ya pili vipande vipande.” Shida ni kwamba ilizimika wiki ile ile tamthilia ya Mama Mumbua ilikuwa inafika mwisho. Ilikuwa ya kigeni, ya msichana fulani wa mashamba ya zabibu, ambaye alikuwa anataka kuolewa na tajiri mwenye masharubu kwa sababu mchunga farasi aliyempenda kweli alikuwa amebebwa na mto. Je, mchunga farasi alikuwa amekufa kweli? Je, masharubu angemuoa? Hakuna aliyejua. Miezi ilikuwa imepita, na bado akina mama wa kanisa walikuwa wanaijadili wakichota maji.

“Mimi huwa naangalia habari tu,” Mzee akasema. Akatafuna. Kisha akasema, “Lakini huyo wa masharubu ni mwizi. Ile barua aliiandika yeye.”

Ningenyamaza hapo, leo singekuwa na cha kuwaambia. Lakini nikaweka kijiko chini, nikajifuta mdomo, nikasema, “Hiyo ya mwisho mimi naweza kuwaonyesha. Iko kwa intaneti.”

Mama Mumbua aliinua macho, kwa mara ya kwanza tangu tujuane, yakafika mpaka kwa tai yangu. “Muulize,” akamwambia Mumbua, “ni ya ukweli?”

Tukapanga Jumamosi, wiki mbili mbele.

Mumbua ni mtu wa akili, na hii ni moja ya zile sehemu ambazo yeye haziruki. Tukiwa tumerudi Makindu akaniambia, “Si uidaunlodi hapa kwa saiba, uiweke kwa flashi, uende nayo, waone, tule, turudi?” Mnaona hapo? Ndiyo njia mtu yeyote mwenye kichwa angefuata. Nikamwangalia kwa huruma. Nikamwambia, “Flashi ni ya kila mtu. Mimi nataka waone ikitoka hewani.”

Hilo ndilo kosa lenyewe. Yale mengine yote ni watoto wake.

Tena sikutosheka na laptopu, nikaona skrini yake ni ndogo kwa ukubwa wa sifa niliyokuwa naitafuta, nikapitia mji wa Salama kwa rafiki yangu mmoja wa kupiga video za harusi, akaniazima projekta. Akanionya jambo moja: mtu asiichomoe ghafla kwa stima ikiwa moto, taa yake inaweza kuungua. Nikaibeba mpaka Kabati nimeipakata kama mtoto mchanga.

Nilipofika nikakuta siyo familia. Mama Mumbua alikuwa amewaambia wanawake wa kanisa, na wanawake wa kanisa hawajawahi kuambiwa kitu peke yao. Walikuwa zaidi ya ishirini, wamekaa kwa mabenchi yaliyoletwa kutoka kanisani, wamevaa kama wa harusi, na mbele kabisa, kwa kochi la mtu mmoja, amekaa Pasta na shati lake jeupe, ambaye alisema yeye hakuja kwa ajili ya tamthilia, alikuja kuona teknolojia. Ukutani walikuwa wametundika shuka jeupe la wageni, lililopigwa pasi mpaka mikunjo inaonekana kama ramani. Mapazia yalifungwa, na blanketi likaongezwa juu ya pazia ili giza likolee. Joto la humo ndani sitaki kulikumbuka.

Kwanza tukala. Jogoo na chapati, na muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, kwa wanaotaka. Kisha nikasimama nikatoa hotuba. (Hakuna mtu aliniomba.) Nikawaeleza vile picha inasafiri, nikataja satelaiti, nikataja nyaya zilizo chini ya bahari, nikaona Pasta anaitikia kwa kichwa nikazidi. Mwisho nikafika kwa projekta, nikainua kidole: “Na hii mashine, mtu yeyote asiiguse. Hata waya wake. Ikiguswa tu vibaya, inapasuka, na bei yake ni ya ng'ombe wawili wa maziwa.” Hayo ya ng'ombe niliyatoa kwangu. Mabenchi ya mbele yakarudi nyuma kidogo.

Halafu nikatoa simu ili nipeleke intaneti kwa laptopu, na netiwaki haikuwepo.

Nikasema ni kitu kidogo. Nikazunguka sebule nimeinua simu, akina mama wananifuata kwa macho kama wanaangalia ndege. Nikaenda jikoni. Nikaenda uani. Nikasimama juu ya jiwe la kufulia. Hapo nje, ukutani mwa sebule, kulikuwa na tangi jeusi la maji juu ya msingi wa mawe, na nilipoweka ngazi nikapanda nusu, simu ikaamka. Nilipofika juu kabisa ikawa na netiwaki ya nguvu. Nikajaribu kuiacha simu juu ya kifuniko nishuke, ikapotea. Nikaishika mkononi nikiielekeza upande wa Kitui mjini, ikarudi. Maana yake mnaielewa. Mtu alikuwa lazima akae hapo juu, na mtu mwenyewe ni yule mwenye sifa.

Nikarudi ndani nikaweka kipindi kianze, kaduara kakaanza kuzunguka kwa shuka, kakubwa kama sinia. Nikawaambia watulie, itaanza yenyewe, mimi nitakuwa hapo nje naivuta. Nikapanda na suti yangu, Mumbua akanishikia ngazi, nikakalia tangi, nikainua simu. Dakika moja. Mbili. Kisha nikasikia kutoka ndani muziki wa ile tamthilia na wanawake zaidi ya ishirini wakishangilia kwa pamoja.

Jamani, nisiwadanganye, ile furaha niliyoisikia pale juu sijawahi kuisikia tena. Upepo unapita, Kabati yote naiona mpaka barabarani, na chini yangu, nyuma ya ukuta, watu wanashtuka, wanacheka, wananong'ona, na kila sauti naihesabu kama yangu. Robo saa ikapita, mkono ukaanza kuuma, nikahamisha simu mkono wa kushoto. “Wanafurahi?” nikamuuliza Mumbua. “Wanafurahi,” akasema. “Kaa hapo.”

Hapo ndipo mama yangu akapiga simu.

Sasa simu za wakati ule hazikuweza kufanya kazi mbili. Mtu akikupigia, intaneti inakatika mpaka mmalize. Mimi hilo nililijua, mimi mwenye saiba, lakini nikaona jina la mama, na mkono ukapokea wenyewe kabla kichwa hakijafikiria.

Shikilieni hapo kwanza, niwaambie kilichokuwa kinaendelea ndani, ambacho mimi sikukijua mpaka baadaye nilipoambiwa na watu zaidi ya ishirini, kila mtu kwa wakati wake.

Ndani, tajiri wa masharubu alikuwa amempata msichana wa zabibu kwa ghala la mapipa, akamshika kiuno, akamvuta, wakabusiana, na hapo hapo, midomo ikiwa imegusana na macho yamefungwa, picha ikaganda. Kwa shuka la ukuta mzima. Kichwa kimoja kilikuwa na upana wa meza. Yale masharubu peke yake yangefagia chumba.

Mwanzoni wote wakaangalia viatu, wakijua itapita. Haikupita. Mzee akakohoa. Mtu akamuuliza mwenzake habari za mbaazi. Mama Mumbua akaona hii ni nyumba yake na aibu ni yake, akasimama akachukua leso, akaenda kufunika lile busu; kumbe picha ya projekta haifunikwi, ikahamia kwa leso, ikawa sasa wanabusiana juu ya maua. Pasta, kwa nia njema kabisa, akaamua kuokoa hali kwa wimbo, akasimama aje mbele awaongoze, na kuja mbele ni kupita katikati ya ile taa. Busu likamshika kifuani. Shati jeupe, mnakumbuka. Akageuka aone wanachoangalia, likamshika mgongoni. Nyanya mmoja wa benchi la nyuma akasema, kwa upole tu, “Pasta, sogea, limekupata.”

Inasemekana hapo ndipo nidhamu iliisha. Wengine walicheka wakiwa wamejifunika uso, wengine wakasema hii ni dhambi wakiwa wanaangalia vizuri. Mzee akauliza nani anajua kuzima hiyo kitu, na kila mtu akakumbuka ng'ombe wawili wa maziwa, hakuna aliyesogea. “Basi aitwe mwenyewe,” Mzee akasema. Wakatoka, Mzee mbele, Pasta nyuma yake, Mama Mumbua na leso yake mkononi, na msafara wa akina mama.

Na mimi juu ya tangi nilikuwa nimewapa mgongo, naongea na mama yangu, ambaye anaamini kwamba ukiwa mbali ni lazima upige kelele, na mimi kwa sababu ya upepo nilikuwa namjibu vile vile.

“Wamekupokea?” mama akauliza.

“Wamenipokea, mama! Wamejaa nyumba nzima! Washamba kabisa, mama, hata intaneti hawajui ni nini! Wanafikiri mimi ndiye nimeitengeneza!”

“Umekula?”

“Nimekula! Jogoo! Lakini huyo jogoo, mama, alikuwa mzee kuliko Mzee mwenyewe! Nimemtafuna mpaka taya zimeuma!”

“Na huyo baba yake ni mtu wa aina gani?”

“Huyo? Huyo nimemweka mfukoni! Mwezi ujao hata mbuzi watatupunguzia, wewe utaona!”

Nilikuwa nahisi ngazi inatikiswa. Nilidhani ni upepo. Ilikuwa ni Mumbua, anaitikisa kwa mikono yote miwili, hawezi kuita jina langu kwa sababu baba yake amesimama nyuma yake hatua tatu. Ikatikisika mara ya tatu, nikageuka nimuulize ana nini, na nikaona uso baada ya uso baada ya uso, zote zimeinuliwa kwangu. Hakuna aliyekuwa anacheka. Mama yangu bado alikuwa anasikika kwa simu, “Musembi? Musembi, umesema mbuzi ngapi?”

Nikakata.

Mzee akasema, pole pole, kwa ile sauti ya ofisini, “Shuka taratibu. Hata washamba wanajua ngazi huteleza.”

Nikaweka mguu kwa kipande cha kwanza cha ngazi, suruali ikashikwa na kifuniko cha tangi, ikasema *chwaa*. Sikujali, nikaweka cha pili. Ningeshuka nikafika chini na pengine ningekimbia, lakini simu ilikuwa imekatwa, netiwaki ikawa imerudi, na ghafla ndani ya nyumba tukasikia violini, na yule nyanya wa benchi la nyuma, ambaye hakutoka na wengine kwa sababu ya magoti, akapiga yowe: “Njooni! Wa farasi yuko mlangoni! Hakufa! Hakufa!”

Sijawahi kuona watu wa heshima wakigeuka hivyo. Uwanja ulibaki mtupu. Pasta alipita kwa mlango pamoja na akina mama wawili kwa wakati mmoja, na Mzee, ambaye huwa anaangalia habari tu, alikuwa wa nne kuingia.

Nikabaki nimening'inia kwa ngazi, na violini vikaanza kukatika katika kwa sababu nilikuwa nimeteremsha simu. “Panda,” Mumbua akasema.

“Nini?”

“Panda juu, Musembi. Ikikatika sasa, mimi hapa sina la kukusaidia.”

Nikapanda. Nikakalia tangi na suruali iliyopasuka, nikainua simu, na nikakaa hapo kama mtu anayetumikia kifungo, nikiwavutia intaneti watu niliowatukana. Mama akapiga tena. Nikamkatia, mara ya kwanza katika maisha yangu. Niliangalia chini mara moja. Machozi yalikuwa yanamtoka Mumbua, sikujua ni ya hasira ama ya aibu, na hayakupanguswa, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa bado imeshika ile ngazi.

Kutoka ndani nilikuwa nasikia kila kitu. Wa farasi ameingia kanisani. Masharubu amekasirika. Kasisi anamuuliza msichana mbele ya wote, unamchagua nani? Muziki ukapanda. Na simu yangu ikatetemeka mkononi, ikaingia meseji fupi ya kuniarifu kwamba bando yangu imekwisha.

Niliisoma mara mbili. Nikakaa nayo pale juu, peke yangu duniani ninayejua, kama mtu aliyepewa barua ya msiba na hajui aanze kumwambia nani.

“Amesema nini?” sauti ikatoka ndani. “Amemjibu nini? Ngai! Imesimama!”

Nikashuka. Nikasimama mlangoni nikasema bando imekwisha, nitakimbia Kabati madukani ninunue kadi, dakika ishirini nitakuwa nimerudi. Kwa shuka, msichana wa zabibu alikuwa amefungua mdomo, neno limekwama. Mzee akasema, “Wacha.” Akaenda mwenyewe dirishani, akavuta lile blanketi, akafungua pazia, na jua likaingia likamfuta yule msichana ukutani.

Wageni walipoondoka (kwa heshima, kila mtu alinipa mkono, na hiyo iliniuma kuliko kama wangenitemea mate), Mzee akanikalisha kwa kiti uani. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele.

“Yule jogoo,” akasema, “ni kweli alikuwa mzee. Kuku wengine walikufa wote kwa ule ugonjwa wa kiangazi. Alibaki yeye. Mama Mumbua aliuliza kama tununue wa sokoni, mimi nikasema hapana, mgeni huyu atakuwa mtoto wetu, tumchinjie wetu.”

Mimi nilikuwa naangalia mikono yangu. Hapo ndipo utani wote ulinitoka, na mpaka leo nikisimulia nikifika hapo sauti inapungua.

“Mazungumzo ya mwezi ujao yangoje,” akasema. “Mwambie mama yako aje kwanza. Yeye ndiye uliyemweleza habari zetu, sasa aje azione.”

Mumbua hakuongea na mimi siku tisa. Alikuwa anafungua duka la dawa, anaangalia saiba yangu kama anaangalia ukuta. Siku ya kumi akavuka barabara, akasimama mlangoni, akasema, “Mama yako anaenda lini?” na akarudi kwake. Nilijua hapo kuna mahali pa kushika.

Mama yangu alienda Jumamosi iliyofuata. Nilimweleza yote, kila neno, na hakunigombeza, alienda tu sokoni Makindu akanunua jogoo na kuku watatu wa kutaga, akawafunga kwa kikapu, akavaa nguo yake ya kanisa, na mimi nikamfuata nyuma. Tulipofika Kabati akaniambia, “Wewe kaa nje,” akaingia.

Nikakaa chini ya lile tangi saa nzima. Mwanzoni nilisikia sauti moja moja, za pole pole. Kisha nikasikia kitu nikadhani ni kilio, nikasimama. Kilikuwa kicheko. Mama yangu ana kicheko cha kupanda ngazi, kinaanza chini, na niliposikia kimefika juu kabisa na cha Mama Mumbua kikakifuata, na katikati kikohozi cha Mzee cha kuficha meno, nikajua mimi nimesamehewa na pia nimekwisha.

Mumbua akatoka akaniletea chai. “Wamefika kwa Pasta na shati,” akasema. Na yeye pia akacheka, mara ya kwanza.

Nikaitwa ndani niombe msamaha, nikaomba, nimesimama, kila kitu kwa jina lake, jogoo, washamba, mfuko, mbuzi. Mzee akaupokea. Halafu nikaona nafasi ya kurekebisha kidogo (nilikuwa sijapona kabisa, mnaona), nikasema kwamba ile sehemu ya mwisho mimi nimeiona sasa, kule saiba, na kama wanataka naweza kuwaambia msichana alimchagua nani.

Mama Mumbua akageukia mlango. “Mwambie anyamaze,” akamwambia Mumbua, haraka. “Sisi tulimaliza.”

Kumbe wanawake wa kanisa walikuwa wamekaa Jumapili baada ya ibada, wakaijadili, wakagombana, wakapiga kura, na wakaimaliza wenyewe. Msichana wa zabibu aliwakataa wote wawili hapo mbele ya kasisi, masharubu kwa ile barua ya uongo, na wa farasi kwa kukaa kimya miezi yote hiyo akijua mtu analia. Akarudi shambani, akalilima, akamleta mama yake waishi pamoja, na zabibu zikauzwa mpaka ng'ambo. Mama Mumbua alilieleza hilo lote akiangalia mlango, na uso wake ulikuwa unang'aa. Na mimi niliyejua kwamba kwa ile ya ukweli msichana alimchukua masharubu, bila sababu yoyote ya maana, nilisema, “Mwambie ni hivyo hivyo kabisa.”

Tulioana mwaka huo. Siku hizi wakwe zangu wana televisheni bapa na waifai ya nguvu kuliko yangu, na mtu akiniuliza kitu chochote kinachohusu waya, mimi nasema sijui, na sitaki kujua. Na mama yangu akinipigia nikiwa kule, natembea kwanza mpaka katikati ya shamba la mbaazi, nageuka pande zote nne, ndipo napokea, na kwa sauti ya chini kabisa namwambia, “Mama, nimekula vizuri.”

Na huwa nimekula vizuri.